Verona Abadilisha Oili

Kalman alikuja na kigoda chake mwenyewe. Alikibeba begani kutoka kwake, mita mia nne za matope, akakiweka mlangoni mwa karakana ya marehemu kaka yake, akaketi na kukunja mikono kifuani kama mtu anayengoja mpira uanze. Ilikuwa asubuhi ya tarehe thelathini na moja Oktoba, sikukuu ya Walutheri, maduka yote yamefungwa, na ukungu bado umelalia mashamba ya maboga yaliyokwisha kuvunwa.

"Endelea tu, shemeji," akasema. "Mimi sipo hapa."

"Kama hupo, mbona moshi wa sigara yako umenifikia mpaka huku chini?" Verona akajibu kutoka shimoni.

Alikuwa chini ya gari. Geza, mumewe, alichimba lile shimo mwaka waliooana, akalijengea kwa matofali na kulifunika kwa mbao, ili mtu afanye kazi chini ya gari akiwa amesimama badala ya kulala chali kwenye baridi. Geza alifariki siku chache kabla ya Pasaka. Aliacha nyumba, mizabibu safu kumi na mbili, karakana hiyo, na gari dogo jekundu la miaka ishirini na mbili lisilo na hata kovu moja la kutu.

Ugomvi ulikuwa juu ya gari hilo.

Gari la Kalman lilikufa mwezi wa Julai, na tangu siku hiyo alianza kukumbuka mambo. Alikumbuka kwamba Geza alimwahidi gari wakati wa mavuno ya zabibu. Baadaye akakumbuka kwamba alimwahidi mara mbili. Kila akija kwa shemeji yake alipiga matairi kwa ncha ya kiatu, akainama, akatikisa kichwa, akapanda tena trekta lake. Halafu Ilonka, binti wa Verona anayekaa mjini Graz, akaanza kupiga simu: "Mama, mwachie tu baba mdogo. Wewe utalitunzaje? Yeye atakupeleka popote unapotaka."

Verona alijua "popote unapotaka" maana yake nini. Basi linapita kilimani kwetu mara mbili kwa siku, tena siku za shule peke yake. Gari likienda kwa Kalman, Verona angekwenda kwa daktari wa meno siku ambayo Kalman ana nafasi. Angekwenda kwa dada yake baada ya Kalman kumaliza kulisha nguruwe. Na njia nzima angesikiliza namna Geza alivyokuwa akikata mizabibu vibaya. Mwanamke huyu alipata leseni akiwa na miaka arobaini na moja, akaanza kuendesha siku hiyo hiyo, hajaacha mpaka leo. Ila chini ya boneti palikuwa pa Geza. Hapo hakuwahi kutia mkono.

Kalman alilijua hilo. Jumapili iliyotangulia, tukiwa mezani kwa Verona, alisukuma sahani mbele akasema: "Gari si kushika usukani tu. Gari linataka matunzo. Oili ilitakiwa kubadilishwa tangu Aprili. Sasa nani ataibadilisha? Wewe?"

"Mimi."

Kalman alicheka mpaka akaanza kukohoa. Verona akangoja kikohozi kiishe, kisha akanyoosha mkono juu ya bakuli la saladi.

"Alhamisi," akasema. "Nitabadilisha oili na filta mwenyewe. Wewe uje utazame, lakini usiguse kitu. Injini ikiwaka vizuri na hakuna tone linalodondoka, hutataja gari hili tena, si kwangu, si kwa Ilonka, si kilabuni. Nikishindwa, funguo hizi hapa, chukua."

Wakashikana mikono, wote wawili wakanitazama mimi. Kwetu dau la watu wawili halishiki mpaka wa tatu aikate mikono yao. Mimi ni mpangaji tu. Nimezunguka miaka thelathini, kwenye mashua za mizigo za mto Danubi na kuezeka mapaa ya watu, na sasa ninakaa chumba kilicho juu ya kinu cha zabibu cha Verona, kodi yangu ni kumpasulia kuni. Ningekuwa na akili ningekwenda chooni. Badala yake niliinua kiganja, nikakishusha kwa ukingo kama shoka, mikono yao ikaachana. Basi, nikawa shahidi.

Siku nne hizo Verona hakumuuliza mtu chochote. Alisoma kitabu cha gari jikoni, miwani puani, kama anayesoma dawa kabla ya kuimeza. Jumatatu alikwenda mwenyewe mjini Sobota, akarudi na dumu la oili la lita nne, filta mpya, na kiringi cha shaba kidogo kama pete ya mtoto.

"Cha nini hicho?" nikamuuliza.

"Cha nati ya chini, pale oili inapotokea. Kitabu kinasema cha zamani kisirudishwe. Geza alikuwa anakirudisha. Ndiyo maana ile sakafu ina doa."

Alisema bila kumlaumu marehemu, kama vile angesema Geza alipenda chumvi.

Alhamisi hiyo alianza kwa kulipeleka gari mpaka njia panda na kurudi, ili oili ipate joto na kulainika. Kalman alipofika tayari alikuwa shimoni, amevaa ovaroli la Geza alilolikunja miguu mara tatu, na taa imening'inia kwenye msumari. Kwenye sakafu alikuwa ametandika fulana nyeupe ya zamani ya Geza, na vyombo vyake juu yake vimepangwa kwa mstari kama visu vya arusi.

"Spana gani hiyo umeshika?" Kalman akauliza.

"Inayoingia."

"Nauliza namba."

"Na mimi nakujibu. Inaingia."

Nati ilikataa mara ya kwanza. Verona akaweka uzito wake wote juu ya spana. Ni mwanamke mfupi lakini uzito anao. Ikalia *kii*, ikalegea. Akaimalizia kwa vidole, akaivuta pembeni haraka, na oili ikashuka kwenye beseni, nyeusi, ikitoa mvuke mwembamba.

"Utajiunguza, shemeji!"

"Nimemenya viazi vya moto tangu sijakujua wewe. Kaa chini."

Kalman hakujua kwamba amesimama. Akakaa.

Filta ya zamani ilikuwa ngumu zaidi. Kalman alikohoa kwa makusudi, akasema hewani kwamba wapo watu wanaoitoboa kwa bisibisi ili waizungushe. Verona akavaa glovu ya mpira ya kuoshea vyombo, akaishika filta, akaizungusha. Ikatoka. Akanionyesha ile glovu akicheka. "Hivi ndivyo ninavyofungua chupa za matango tangu nilipoolewa. Geza alikuwa anadhani ni nguvu."

Akapitisha kidole palipokuwa na filta, akahakikisha mpira wa zamani haukubaki umeng'ang'ania pale. Akapaka oili safi kwenye mpira wa ile mpya, akaifunga kwa mkono, mpaka ikagusa, kisha robo tatu ya mzunguko, basi. Akarudisha nati na kiringi kipya. Kila alipomaliza hatua alitaja kwa sauti, mimi niitikie "Nimeona." Ndiyo kazi yangu iliyobaki.

Kalman alikuwa anateseka. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akiteswa na kazi inayofanywa vizuri. Vidole vyake vilikuwa vinazungusha spana isiyokuwepo. Mara aseme nati imelegea, mara aseme imekazwa mno.

"Haya, chagua moja," Verona akamwambia.

Akapanda juu, akamimina lita nne zote kwa faneli, polepole. Akavuta kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa chini kidogo ya alama ya juu, upana wa ukucha.

"Haijafika!" Kalman akasema.

"Iko kati ya alama mbili. Kitabu kinasema hapo panatosha. Nikishaiwasha filta itakunywa kidogo, nitapima tena, ndipo nitajua." Akafunga kifuniko. "Sasa nashuka kukagua nati kabla sijawasha. Ferko, kimbia jikoni uondoe maharage motoni, yataungua."

Nikaenda. Nilikaa huko labda dakika tano, maana niliyaonja maharage pia. Niliporudi Kalman alikuwa kwenye kigoda chake, amenyooka mgongo, mikono magotini, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Verona alikuwa anapanda ngazi kutoka shimoni.

"Pakavu kabisa," akasema.

"Basi washa!" Kalman akasema. "Washa tuone!"

Verona akashika mlango wa gari. Halafu akauacha. Sijui kilichomrudisha, yeye anasema ilikuwa ile "washa" ya pili, iliyokuwa na haraka kuliko inavyostahili. Akarudi kwenye injini, akavuta kijiti.

"Ferko, njoo uone. Nimeiacha wapi oili?"

"Chini ya alama. Upana wa ukucha."

"Na sasa iko wapi?"

Ilikuwa juu ya alama. Juu sana, upana wa kidole kizima.

Verona akachukua fulana ya Geza, akakifutia kijiti kwenye sehemu iliyokuwa safi, akaipeleka nguo mlangoni kwenye mwanga. Oili mpya huacha doa la rangi ya asali. Doa lile lilikuwa la asali katikati, na pembeni, pale lilipotandaa na kuwa jembamba, lilikuwa kijani. Kijani cha majani ya masika. Akalinusa, akanipa na mimi ninuse. Harufu ilikuwa ya mbegu zilizokaangwa.

Kwetu kuna kitu kimoja tu chenye rangi hiyo. Mafuta ya mbegu za maboga, ukiyatazama kwenye dumu ni meusi kama lami, ukiyamwaga kwenye sahani nyeupe yanageuka kijani. Hakuna mtoto wa kilima hiki asiyejua. Na kwa kuwa mwanga unayaharibu, kila nyumba huyaweka mahali penye giza kuliko pote. Kwa Verona giza lote liko karakana.

Tukatazama rafu, sote wawili. Lile dumu jeusi la lita tano, lisilo na karatasi, lilikuwa limesogea. Vumbi lilikuwa limeacha duara mahali lilipokaa tangu mwaka jana.

"Kalman," Verona akasema.

"Nimeongeza kidogo tu."

"Kutoka wapi?"

"Dumu la Geza. Pale. Ile oili yake nzito." Sauti ilikuwa inapungua. "Ilikuwa chini, shemeji. Mtu hawezi kukaa anatazama iko chini. Mkono umekwenda wenyewe. Nusu lita… labda na kidogo."

"Hilo si dumu la Geza. Ni dumu langu. Umeitilia injini mafuta ya saladi."

Kalman akasimama. Akaenda kwenye dumu, akachovya kidole, akakilamba. Nilimwona uso wake unashuka. Mzee wa miaka sitini na minne, aliyelima maboga maisha yake yote, akakilamba tena kidole kile kama anayetumaini mara ya pili itakuwa dizeli.

"Ningeiwasha," Verona akasema taratibu, "yangepata moto, yangekauka kuwa gundi. Nayasugua kwenye masufuria yangu miaka arobaini na tano, nayajua. Injini ingekwama wiki hii au ijayo. Na wewe ungesema nini?"

Nadhani Kalman alikuwa anajiuliza swali hilo hilo.

Mimi nikaona wakati wangu umefika. Nikajikohoza. "Dau lilisema asiguse kitu. Amegusa. Kwa hiyo mimi, kama mkata mikono…"

"Funga mdomo, Ferko, nani kakuuliza?" Verona alinigeukia kwa ukali ambao hakuutumia hata kwa Kalman. "Nikishinda hivyo, kesho kilabuni watasema nimeshinda kwa maneno. Dau langu lilikuwa injini iwake. Haijawaka." Akamgeukia shemeji yake. "Filta bado haijanywa, injini haijazunguka hata mara moja. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika ila oili. Nitaimwaga yote, nitaanza upya. Kituo cha mafuta cha barabara kuu kiko wazi hata leo. Nenda ukalete madumu mawili."

"Mimi? Ni kilomita kumi na moja! Kwa trekta!"

"Nani kaiharibu?"

Kalman akachukua kofia yake.

"Ngoja." Verona akabandua karatasi ya dumu tupu, akaikunja, akamtilia kwenye mfuko wa kifuani kama mama anayemtuma mtoto dukani. "Iwe na maandishi haya haya. Usiniletee unayoijua wewe."

Baada ya muda tukalisikia trekta lake likiondoka kwake likipiga kelele zake. Verona akashuka shimoni, akafungua nati, oili mpya ya lita nne pamoja na mafuta ya maboga ikashuka kwenye ndoo safi, ikimeta. Inauma kutazama kitu kizuri kikipotea namna hiyo. Yeye hakuonekana kuumia. Alisema itafaa kulainisha mnyororo wa msumeno wangu mpaka nife, na kwamba miti itanukia vizuri.

Halafu tukala. Maharage na vitunguu, mkate, na juu yake mafuta kutoka dumu lile lile.

"Bado mazuri," Verona akasema akitafuna. "Nusu lita nzima kakipa chuma, mjinga yule."

"Huogopi atakaa huko asirudi?"

"Kalman? Atarudi. Hawezi kukosa kuona mwisho." Akafuta sahani kwa mkate. "Unajua, si mtu mbaya. Ila hajawahi kuona kitu kikifanyika bila yeye akakubali kwamba kimefanyika. Nikimpa gari leo, kesho atanipangia hata siku ya kunywa dawa. Kwa moyo mzuri kabisa. Hilo ndilo nisiloliweza."

Kalman alirudi baada ya saa mbili kasoro, trekta ameliacha kwake, pua nyekundu, madumu mawili mikononi. Alikuwa amesoma karatasi, maandishi yalilingana mpaka nukta. Aliketi kwenye kigoda chake, na safari hii, bila kuambiwa, akaweka mikono yake chini ya mapaja na kuikalia.

Verona alimimina lita moja kwanza na kuiacha ishuke na kutoka chini, isafishe njia. Akafunga nati, akaikaza, akanitajia, nikaitikia. Akamimina lita nne. Akapima. Upana wa ukucha chini ya alama. Hata kuku walikuwa wamekuja mlangoni.

Akaingia kwenye gari. Akawasha.

Taa nyekundu ya oili iliwaka kwenye dashibodi. Nilihesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Taa ikazimika. Injini ikatulia, ikawa inanguruma chini chini kama paka aliyeshiba. Verona akaiacha izunguke dakika kumi, akatoka, akashuka shimoni na taa. Nilisikia kiganja chake kikipapasa filta, kikipapasa nati. Akazima injini, akangoja oili itulie, akapima, akaongeza kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa, kutoka kwenye dumu lenye karatasi. Kisha akachukua kipande cha kadibodi, akaandika tarehe na kilomita kwa kalamu nene, akakifunga kwa waya ndani ya boneti, mahali Geza alipokuwa akifunga vyake.

"Nani anataka kukagua?" akauliza.

Kalman alivuta mikono yake kutoka chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi aipigepige. Akashuka shimoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kutazama nati moja. Alipopanda alisema: "Pakavu." Kisha, kana kwamba neno hilo halikutosha na halikuwa na mwenzake: "Kazi safi, shemeji."

"Nilijua," Verona akasema, akavua ovaroli.

Mchana ule watu wote wa kilima walikuwa wanakwenda makaburini kuweka maua na taa kwa ajili ya sikukuu ya Watakatifu Wote, kesho yake. Verona alipakia vyungu sita vya krisanthemu, vinne vya upande wa wazazi wake, viwili vya Geza. Vilijaza kiti cha mbele na nusu ya kiti cha nyuma. Mimi nilibanwa dirishani. Kalman alikuwa amesimama uani na kigoda chake begani, akitazama matope ya kurudia kwake.

"Unangoja nini?" Verona akamwita. "Kaka yako analala huko, si wangu. Panda."

Alipanda nyuma, chungu kimoja magotini, majani yakimkuna kidevu. Tuliteremka kilima, tukavuka daraja, tukaanza kupanda upande wa kanisa nyuma ya trekta lililobeba mahindi. Verona alilitazama, akatazama barabara, akashusha gia akalipita. Nilimwona Kalman akifungua mdomo. Akaufunga. Mpaka tunafika alikuwa ameufungua na kuufunga mara nne, na kila mara kilichotoka kilikuwa habari ya hali ya hewa.

Makaburini Verona aliegesha kando ya ukuta. Kabla ya kushusha maua alipiga magoti kwenye changarawe na sketi yake nzuri, akatazama chini ya injini, kulia, kushoto. Akainuka, akajikung'uta.

"Hakuna kitu," akasema, akampa Kalman vyungu viwili vya Geza. "Tangulia. Wewe unajua mahali pa kuviweka visiangushwe na upepo."

Kalman alivipokea, akatangulia.